Weka Chini Unachokionea Uchungu

Mfikirie kwanza anavyoingia. Ni Jumamosi, saa nne asubuhi, na lango la chuma la ghala la chupa limeachwa wazi upana wa mtu mmoja. Anapita kwa ubavu, yeye kwanza, kisha baiskeli, kisha anarudi kuichomoa pedali iliyonasa kwenye komeo. Ni mwanamke wa miaka arobaini na minne, mfupi, mwenye mwili. Suruali ya michezo aliyovaa ni ya mpwa wake. Imembana mapajani na kuzidi chini. Kofia ngumu kaifunga mkanda huku sikio moja likiwa limekunjwa ndani. Baiskeli ni ya milimani, matairi manene yenye meno, na ni kubwa kwake. Anaisukuma. Kuipanda anajua, tena vizuri tu, lakini uwanjani kuna watu kumi na tano na wote wamenyamaza kumtazama, na mtu anayetazamwa hivyo husahau hata kutembea.

Kati ya vinywa hivyo kumi na tano, tisa alishavitia vidole.

Ndiyo kazi yake. Anatengeneza meno ya bandia. Chumba chake kiko nyuma ya kliniki ya daktari wa meno, hakina dirisha, kina meza moja, taa moja ya shingo ndefu, sufuria ndogo ya kuyeyushia nta, na ndoo ya jasi, ule unga mweupe wa plasta anaoukoroga na maji kupata umbo la taya la mteja. Daktari wa mbele hung'oa, yeye wa nyuma huziba. Miaka kumi na tisa ameketi pale, na jasi imemwingia kwenye mistari ya viganja kiasi kwamba sabuni imekata tamaa. Ukutani kuna rafu, na juu ya rafu kuna mataya ya jasi ya nusu ya mtaa, kila moja na namba chini yake. Majina anayajua yeye tu. Watu wanamwita Fundi Meno, na katika miaka kumi na tisa hakuwahi kumtaja mtu. Alikuwa akisema mdomo wa mteja ni kama kaburi: ukishalifunika, huendi sokoni kusimulia ulichokiona.

Hawa waendesha baiskeli walikuwa neema kwake na balaa kwao wenyewe. Walikuja na mashavu yaliyovimba, jino kwenye karatasi, na wakati jasi ikikauka wakamsimulia njia ya ukingoni: inavyopanda msituni, inavyoteremka upande wa pili, upepo unavyokuvuta machozi. Jamaa mmoja wa makamo waliyemwita Pengo, kwa sababu iliyo wazi, aliisimulia vizuri kiasi kwamba Fundi alijikuta akikoroga jasi kwa kasi ya baiskeli, bakuli likateleza na jasi ikamwagika mezani. Mteja mwingine, aliyevunja meno manne kwa mkupuo, aliiegemeza baiskeli yake mlangoni pa Fundi akasema ichukue, sitaki kuiona tena maishani. Akaichukua.

Safari yake ya kwanza na kundi lile ilikuwa fupi. Nusu saa ndani ya msitu kuna bomba la maji limekatiza njia, nene kama paja. Wenzake walilifikia mmoja mmoja, baiskeli zikainuka chini yao kama paka anayeruka kidimbwi, wakaendelea. Yeye alishuka, akainyanyua baiskeli, akaivusha, akapanda tena. Walikuwa wameshapotea. Vizuizi vya namna hiyo viko kumi na moja: mizizi, mitaro, magogo. Alirudi nyumbani saa nane mchana peke yake, mikwaruzo mikononi, na Jumatatu Pengo alipokuja kurekebishiwa jino lake akamweleza bila kuona haya kwamba walikuwa wamekaa mwisho wa njia wakiwekeana dau kama atatokea au watamsikia redioni. Njia haimngoji mtu, alisema. Asiyeweza kuruka abaki barabarani na wauza mboga.

Na kuruka kunafundishwa na mtu mmoja.

Mtu huyo ni yule aliyekaa kwenye kreti lililogeuzwa, pale katikati ya uwanja, miguu ameitanua. Wanamwita Nyapara kwa sababu alikuwa nyapara kweli, msimamizi wa wapakizi, ghala lilipokuwa hai. Lilipofungwa akaachwa na ufunguo alinde. Ana miaka sitini na mmoja, mkavu, mwepesi, na baiskeli anaiweza, hilo asinyimwe. Anaweza kuirusha juu ya kreti akiwa anaongea, na sentensi isikatike. Ana meno meupe yaliyopangika kama shanga, na anapenda kuyaonyesha. Mara kwa mara anawaambia wenye mapengo kwamba yeye hajawahi kukanyaga kliniki. Meno ni nidhamu, mwenye kichwa kibovu ndiye huoza mdomo.

Hapa nikunong'oneze, maana ukijua sasa utaelewa vizuri baadaye. Meno yale ya juu yote, kumi na manne, Fundi ndiye aliyeyapanga. Nyapara hupitia mlango wa nyuma, siku ya Alhamisi, kabla kliniki haijafunguliwa, kola imepandishwa hadi masikioni. Namba yake kwenye rafu ni mia mbili na saba. Siku anayotoka pale haamkii mtu, na Jumamosi wakikutana uwanjani humtazama Fundi kana kwamba ndiyo kwanza wanaonana.

"Shikamoo, mzee," Fundi alimwambia asubuhi ile.

"Marahaba. Na huu mfuko wa jasi nani kauleta?"

Kundi lote likacheka, na jina likashika. Kuanzia siku ile uwanjani hakuwa Fundi Meno tena, alikuwa Mfuko, kwa hoja kwamba ni mweupe mikononi na hanyanyuki.

Masharti ya Nyapara yalikuwa mawili. La kwanza, pedali ziwe bapa. Wapo waendeshaji wenye viatu vinavyojinasa kwenye pedali kwa kipande cha chuma, ukinyanyua mguu baiskeli inakuja nao. Hivyo Nyapara hakutaka kuviona. Pedali iwe bapa, ina visumari vyake vifupi vya kushika soli, basi, na baiskeli ipande kwa ujuzi si kwa kufungwa. La pili ndilo lililomfanya ajulikane. Kwake huruki tofali, huruki fito. Ukishajua namna ya kuinua magurudumu mawili, unaweka chini kitu chako mwenyewe, unachokionea uchungu, na unaruka juu yake mbele ya watu wote. Ukikiruka, umefuzu, unaenda ukingoni. Ukikikanyaga, basi. Alisema tofali halikuumizi kitu, ndiyo maana huliruki. Pengo aliweka simu yake mpya. Mwingine aliweka picha ya harusi, kioo na fremu. Kwenye kona ya uwanja kuna debe, na ndani ya debe kuna mabaki ya wasiobahatika, na Nyapara hakubali limwagwe.

Somo lenyewe alilitoa mara moja tu, akiwa amekaa. Chuchumaa juu ya baiskeli, ibonyeze ardhini. Tupa nyonga nyuma, mikono inyooke, gurudumu la mbele lipande. Simama wima ghafla, kama mtu aliyekalia msumari. Sukuma usukani mbele, vidole vya miguu vielekee chini, nyayo zikwangue pedali kurudi nyuma, kama kuku anavyochakura. Gurudumu la nyuma litafuata. Akauliza kama ameelewa. Fundi akasema ndiyo. Nyapara akasema basi ana bahati, yeye ilimchukua mwaka.

Gurudumu la nyuma halikufuata. Jumamosi ile halikufuata, na ile iliyofuata pia. La mbele lilipanda, likasimama hewani kama farasi wa sanamu, kisha miguu ya Fundi ikaachana na pedali na baiskeli ikarudi chini peke yake. Pedali ikizunguka, visumari vinakuja kwenye ugoko. Kila mara ugoko ule ule. Pengo alitafuta chaki akachora mstari ukutani kwa kila anguko, akawa anayatangaza kwa sauti ya mtangazaji wa mpira, na jamaa mmoja akaomba apewe raba za Fundi zikibaki hazina mwenyewe. Hakuna aliyemshika mkono kuinuka. Nyapara alikataza; alisema ardhi ndiyo mwalimu na haipendi kuingiliwa.

Nyumbani anaishi na dada yake mkubwa, vyumba viwili na jiko. Dada alimpaka dawa kwenye ugoko huku akisema maneno ambayo dawa haikuweza kuyatuliza. Kwamba wanawake wa rika lake wanauguza magoti ya uzee, yeye anauguza ugoko wa kujinunulia. Kwamba akifa juu ya kile kidude, yeye dada atawaambia watu ni malaria.

Jumamosi ya tatu Fundi alikuja na akili ya kifundi. Mtu aliyeishi kwa kushikisha vitu vikae alifikiri dawa ya miguu inayoachia ni kuifunga. Alikata tyubu kuukuu vipande viwili, akajifunga kila mguu na pedali yake, kimyakimya, nyuma ya ukuta. Akaja mbio, akavuta, na baiskeli nzima ikapaa. Kwa mara ya kwanza uwanja ulinyamaza kwa sababu nzuri. Kisha akatua, akapoteza mizani, akataka kuweka mguu chini, na mguu haukuwa wake tena. Alianguka ubavu mzima, baiskeli imemng'ang'ania kama mtoto mgongoni, akabaki amelala pale akipapasa mafundo.

Nyapara alitembea kuelekea kwake bila haraka. Akatoa kisu kidogo, akakata mipira ile, wa kushoto, wa kulia. Halafu akasema kwa sauti ya kila mtu kusikia: "Miguu iliyofungwa hairuki, Mfuko. Inaburutwa." Na akavichukua vile vipande akaviweka kwenye debe.

Uzuri wa mambo, kama yana uzuri, ni kwamba jibu lilikuwa kwenye meza yake mwenyewe miaka yote. Jumanne moja alikuwa anatoa taya la jasi kwenye mpira wa umbo, ambamo jasi humwagwa ikauke. Mwanafunzi yeyote wa kazi ile huvuta moja kwa moja juu, na jasi hung'ang'ania, halafu huvunjika. Fundi wa kweli huinua upande wa mbele kwanza, hewa inaingia chini yake, kisha husukuma mbele kidogo na nyuma inachomoka yenyewe, laini, bila nguvu. Alifanya hivyo bila kufikiri, kisha akabaki ameshika taya la mtu mkononi. Akalirudisha kwenye mpira. Akalitoa tena. Mbele, hewa, sukuma, nyuma. Alikuwa akijaribu kuivuta baiskeli juu yote kwa pamoja kama mwanafunzi.

Jumamosi ile gurudumu la nyuma lilifuata. Upana wa vidole vinne tu, lakini lilifuata, na miguu haikuachia, kwa sababu nyayo zilizoinama zikachakura nyuma na pedali zikashikwa. Alifanya mara sita. Hakuna aliyepiga makofi. Pengo alijifuta chaki kwenye mfuko wa suruali, akasema hata mbuzi anaruka.

"Sasa weka," Nyapara akamwambia.

Aliweka miwani yake ya zamani. Nyapara akaitazama akaisukuma pembeni kwa kiatu. Akasema hiyo ni takataka, anatupa takataka kwa mtindo. Aliweka seti ya meno ya mfano, aliyoitengeneza alipomaliza mafunzo, iliyompa kazi. Akaja, akainua, gurudumu la nyuma likaikandamiza, meno yakatawanyika kwenye zege kama punje za mahindi. Alisikitika, lakini si sana, na Nyapara aliliona hilo usoni mwake kabla yeye mwenyewe hajajua.

"Unaweza kuyatengeneza tena?"

"Naweza, mzee."

"Unachoweza kukitengeneza tena si kitu. Usinichezee hapa. Nenda nyumbani kalete kitu, au rudi kwa wauza mboga."

Sasa, kile kitu kilikuwapo, na kilikuwa kimefungwa kwenye kitambaa cha maua juu ya kabati, chumbani kwa dada. Seti ya kwanza ya meno kamili ambayo Fundi alitengeneza kwa ajili ya mtu hai ilikuwa ya mama yao. Mama alizikwa nayo. Lakini taya la jasi, lile umbo lililotolewa kinywani mwake, lilibaki. Picha za mama walikuwa nazo mbili, na zote amefunga mdomo, maana alificha aibu ya mapengo. Kwenye jasi ile ndipo alipokuwa wazi. Ukipitisha kidole kwenye kaakaa, unaigusa mikunjo ile ile ambayo ulimi wake uliigonga alipoita majina yao. Kila Jumapili dada alilifungua, akalifuta kwa kitambaa kikavu, akalifunga. Hawakuwahi kulizungumzia.

Alilichukua dada akiwa bafuni. Usiniulize kwa nini, wakati wewe mwenyewe una siku zako ulizofanya jambo ukijua. Labda ni zile Jumamosi nne za kuitwa Mfuko. Labda ni kwamba alikuwa ameruka mara sita na alitaka mtu mmoja tu aseme sawa. Alijiambia atalirudisha kabla ya saa saba, na dada hatajua hata lilitoka.

Uwanjani alikifungua kitambaa, akaeleza ni nini. Hakuna aliyecheka. Pengo alisogea karibu, akalitazama, akasema taratibu, "Fundi, hili usiliweke." Ilikuwa mara ya kwanza tangu lango lile amwite Fundi. Kisha Pengo akamgeukia Nyapara akitafuta msaada.

Nyapara alikuwa amesimama kwenye kreti lake. Macho yake yaling'aa. "Hili ndilo," akasema. "Hili ndilo kabisa. Liweke."

Akaliweka katikati ya uwanja, kaakaa limetazama juu. Akarudi nyuma hatua thelathini. Akaja vizuri. Kila aliyekuwapo anakubali kwamba alikuja vizuri. Alichuchumaa, akabonyeza, akatupa nyonga, gurudumu la mbele likapita juu na nafasi ikabaki. Na hapo, katikati, alitazama chini. Alitaka kuona kama lipo salama. Kichwa kikishuka mabega hushuka, mabega yakishuka miguu husahau kuchakura, na gurudumu la nyuma likatua juu ya kinywa cha mama yake likiwa na uzito wake wote.

Halikuvunjika vipande. Jasi ya miaka mingi haivunjiki, inasagika. Alipiga magoti akawa anakusanya unga kwenye kofia yake ngumu, na upepo mdogo uliokuwapo ukamsaidia kuutawanya.

Nyapara alicheka. Hakucheka kwa hasira wala kwa ulevi, alicheka kama mtu aliyeona bao zuri, meno yake yote kumi na manne nje. "Umeangalia chini," akasema. "Sasa umeanza kujifunza." Akaelekeza kidole kwenye debe.

Fundi hakuweka kitu kwenye debe. Alitoka na kofia yake mikononi, ameibeba kama bakuli lililojaa.

Dada hakupiga kelele. Aliichungulia ile kofia. Akachukua kitambaa cha maua, akakikunja nne, akakirudisha juu ya kabati mahali pake. Siku tatu alipika chakula cha mtu mmoja. Siku ya nne, akichambua mchele, bila kuinua macho, alisema: "Mama kafa mara mbili sasa. Mara ya kwanza angalau hukuwa na baiskeli."

Wiki tano Fundi hakuonekana uwanjani, na walidhani amekoma. Kumbe kila siku jioni, akitoka kazini, aliingia kichochoro cha nyuma ya kliniki na matofali. Tofali moja likilala. Tofali likisimama kwa ubavu. Mawili. Alijizuia kutazama chini kwa kubandika karatasi nyeupe mwisho wa kichochoro na kuikodolea macho. Ugoko ulipasuka ukapona ukapasuka. Wiki ya tano, kati ya miruko ishirini, kumi na tisa haikugusa kitu, na yale matofali mawili ni marefu mara mbili ya kitu ninachokaribia kukitaja.

Jumamosi ile aliingia langoni akiwa juu ya baiskeli. Alisalimia. Nyapara akaitikia, akauliza Mfuko ameleta nini leo, au kule nyumbani amebakiza baba.

Waliocheka walikuwa wachache, lakini walikuwapo.

Fundi alijibu kwa upole kwamba hana kitu kilichobaki. Kisha akauliza, kwa sauti ya mtu anayetaka tu kufahamu, kama mwalimu naye amewahi kuweka. Watu wakatazamana. Pengo akasema ni kweli, tangu aje hajawahi kuona. Nyapara akatabasamu akasema yeye hana kitu anachoogopa kukiweka, hajazoea kubembeleza vitu kama wanawake. Akavua saa yake.

"Saa inanunulika, mzee," Fundi akasema.

"Basi taja. Chochote ulichonacho akilini, taja. Mbele ya hawa wote, nitakiweka, na utaruka wewe."

Angeweza kutaja ufunguo wa ghala. Angeweza kutaja baiskeli yake. Alikuwa amelala nyusiku nyingi na jibu hili, na bado alikawia kulitoa, kwa sababu alijua anachokivunja kabla hata gurudumu halijazunguka. Miaka kumi na tisa.

"Weka meno," akasema.

Wakacheka, maana ilikuwa kichekesho kizuri. Mtu mmoja akauliza meno yanawekwaje chini, yang'olewe hapo hapo uwanjani. Waliendelea kucheka mpaka walipoona kwamba watu wawili hawacheki, na kicheko kikaisha kimoja kimoja, kama taa za nyumba zinazozimwa.

Wahenga walisema mkuki kwa nguruwe. Nyapara alisimama pale, amefumba mdomo, na unaweza kusema lolote juu yake lakini usiseme hakuwa mtu wa neno lake. Neno alilitoa mwenyewe. Aligeuka ukutani, akatoa leso, mabega yakacheza mara moja. Aliporudi, sehemu ya chini ya uso wake ilikuwa imeingia ndani, na alikuwa mzee, mzee kuliko yeyote aliyekuwapo alivyowahi kumdhania. Akatembea hadi katikati ya uwanja akayaweka chini, meno kumi na manne meupe kwenye ufizi wa waridi, yakiitazama mbingu. Yule aliyewahi kuweka picha ya harusi alitazama pembeni. Pengo aliziba mdomo wake mwenyewe kwa kiganja.

Fundi akarudi nyuma hatua thelathini.

Alikuja vizuri. Alichuchumaa, akabonyeza, akatupa nyonga, la mbele likapanda juu kuliko siku yoyote. Hakutazama chini, watu kumi na tano ni mashahidi kwamba macho yake yalikuwa mbele, kwenye lango, wakati wote. Alisimama. Alisukuma usukani.

Na gurudumu la nyuma likashuka.

Mlio wake ulikuwa mdogo, kama mtu anayetafuna kitu kikavu. Fundi alisimamisha baiskeli, akageuka, akayatazama mabaki, akasema, "Pole, mzee." Hakuna aliyejua ile pole aliisema kwa moyo gani. Nyapara alibaki amesimama leso ikiwa mdomoni, na hakuna aliyethubutu kulitaja lile debe.

Kwa kanuni hakufuzu, lakini hakuna aliyethubutu kumzuia, na siku hizi Fundi Meno huenda ukingoni na wenzake. Bomba analiruka, mizizi anairuka, vizuizi vyote kumi na moja, na akichelewa wanamngoja, wote, wamesimama kimya kando ya njia. Hawamwiti Mfuko. Wala hawakai karibu naye wakipumzika, na nimesikia kwamba hakuna anayecheka mbele yake meno yakiwa nje. Kati ya vile vinywa tisa, vitatu vimehamia kwa fundi mwingine, mbali, nauli mbili kwenda na kurudi. Dada anapika tena chakula cha watu wawili. Kitambaa cha maua bado kiko juu ya kabati, kimekunjwa nne.

Alhamisi iliyofuata siku ile, kabla kliniki haijafunguliwa, mlango wa nyuma uligongwa. Kola ilikuwa juu hadi masikioni.

"Shikamoo, mzee. Kaa."

Akakaa. Fundi aliifikia rafu akatelemsha taya namba mia mbili na saba, zima, halina ufa, akaliweka mezani chini ya taa. Akamwambia asiwe na wasiwasi, umbo lipo, atayatengeneza tena, wiki mbili tu. Akaongeza, akipasha nta moto, kwamba yeye mwenyewe ndiye aliyemfundisha: unachoweza kukitengeneza tena si kitu.

Mzee alilitazama lile taya lake la jasi. Alipozungumza, maneno yalitoka yamejaa upepo, lakini yalieleweka.

"Mwanangu. Ulikusudia?"

"Fungua mdomo, mzee," Fundi akamwambia, na vidole vyake vyeupe vikaingia.

Hakumjibu, na mimi sikumuuliza. Nilichonacho ni hesabu tu: matofali mawili, mara ishirini, mara kumi na tisa bila kugusa, na ile moja aliyogusa. Inawezekana ilikuwa ile moja. Lakini wewe uliyemwona akiingia langoni siku ya kwanza, sikio limekunjwa ndani ya kofia, na ukamwona akikusanya unga wa mama yake kwenye zege, niambie: miguu yake ilishindwa kuchakura, au ilikataa?